Gari Likigoma Konani, Dereva Asikatwe Mshahara Kabla ya Uchunguzi



Katika ukanda wetu wa Kabuta, Kashikishi na Nchelenge, gari dogo la zamani kutoka Japani ni chombo cha kazi. Hubeba samaki na chisense kutoka ufuoni mwa Ziwa Mweru, hupeleka wagonjwa kliniki, na huwafikisha vibarua mashambani. Magari mengi ya namna hiyo hupitia bandari ya Dar es Salaam, yakavuka mpaka wa Tunduma na Nakonde, yakiwa yamekwisha tumika miaka mingi kabla ya kutufikia. Mojawapo linalopendwa ni Subaru ya fowili, yaani gari ambalo injini husukuma magurudumu yote manne. Legacy ilianza kutengenezwa mwaka 1989, Impreza 1992, na Forester 1997. Kwa hiyo gari analokabidhiwa dereva leo huenda likawa na umri mkubwa kuliko dereva mwenyewe.

Giaboksi ya otomatiki ya gari kama hilo inapoanza kusumbua, neno la kwanza tunalolisikia ni: "Dereva ameiua." La pili ni makato ya mshahara. Vikundi vya akiba navyo huumia. Wanachama huchanga kwacha zao mwezi kwa mwezi, fundi akasema giaboksi imekufa, wakanunua nyingine iliyotumika, na ugonjwa ukabaki palepale kwa sababu haukuwa wa giaboksi tangu mwanzo.

Chama kinasema hivi: asilipe mtu, wala asikatwe mtu, kabla ugonjwa haujajulikana. Na kuujua si uchawi. Mambo mengi huonekana kwa macho, pua na masikio, kabla ya kufungua hata nati moja.

OILI ISEME KWANZA

Giaboksi ya otomatiki huishi kwa oili. Oili ndiyo inayobana klachi za ndani, ndiyo inayopitisha nguvu za injini, na ndiyo inayopoza. Ikipungua au ikiungua, kila kitu humo ndani huteseka.

Namna ya kupima ni hii. Endesha gari mpaka oili ipate moto, kiasi cha nyuzi 60 hadi 80. Simamisha mahali tambarare, injini ikiendelea kunguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia pole pole katika nafasi zote, kisha rudisha kwenye P. Ndipo uchomoe kijiti cha kupimia, ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena na kusoma. Anayepima injini ikiwa imezimwa hupata kipimo cha uongo.

Sasa tazama rangi na unuse. Oili nyekundu iliyo safi ni habari njema. Oili ya kahawia yenye harufu ya kuungua inaonyesha kuwa klachi zimeteleza na kupata joto kali. Oili yenye rangi ya waridi kama maziwa ni hatari kubwa: maji ya rejeta yamechanganyika na oili. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, na ukuta uliomo ukitoboka, vitu viwili hivyo hukutana. Gari hilo lisiendeshwe hata kilomita moja zaidi.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba katika Subaru hizi za zamani difu ya mbele imekaa pamoja na giaboksi, lakini ina oili yake peke yake na kijiti chake peke yake. Mara nyingi mtu humwaga oili ya mahali pamoja na kujaza pengine. Difu ikiwa imejaa kupita kiasi na giaboksi imepungukiwa, uliza kwanza ni nani aliyemwaga oili mara ya mwisho. Kama hakuna aliyegusa, sili iliyo kati yao inavujisha.

Oili ya injini isitiwe kwenye giaboksi ya otomatiki, hata kama ndiyo pekee iliyoko dukani siku hiyo.

DALILI NA MAANA YAKE

Ukiweka D na gari likakaa sekunde kadhaa kabla ya kushika, hasa asubuhi, angalia kipimo cha oili. Kama oili ni ya kutosha na safi, huenda sili za ndani zimekuwa ngumu kwa uzee. Huo ni uchakavu. Hakuna dereva anayeweza kuifanya sili iwe changa tena.

Injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, klachi zinateleza. Hapo oili iliyoungua itatoa ushahidi.

Gari likibaki kwenye gia moja tu, bila kupanda wala kushuka, fikiria umeme kabla ya chuma. Kompyuta ya giaboksi ikikosa habari kutoka kwenye sensa, au waya ukikatika, hulinda giaboksi kwa kuiacha kwenye gia moja. Katika nyingi za Subaru hizo, taa ya joto la oili ya giaboksi hupepesa mfululizo mara baada ya kuwasha injini, kuonyesha kuwa kompyuta imehifadhi kosa. Fundi mwenye mashine ya kusoma makosa alisome kosa hilo na aliandike kabla ya kuchomoa betri, maana betri ikichomolewa ushahidi huweza kufutika.

Mlio wa tak-tak-tak unapokata kona kali kwa kawaida hutoka kwenye jointi ya ekseli. Mvumo unaokua pamoja na mwendo huweza kuwa beringi ya gurudumu. Kishindo unapotia gia huweza kuwa maunting ya injini iliyokatika. Yote hayo hugharimu kidogo kuliko giaboksi, na yote hudhaniwa kuwa giaboksi.

UGONJWA WA KONA

Dalili inayoleta ugomvi mwingi katika fowili hizi ni ya konani. Ukikata usukani mpaka mwisho na kwenda pole pole mahali pakavu pagumu, gari linagoma, linarukaruka, kana kwamba breki zimeshikwa.

Sababu yake ni hii. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Ili tofauti hiyo ipite, kuna klachi nyuma ya giaboksi inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, nayo huachia kidogo. Kompyuta huiongoza klachi hiyo kwa valvu ya umeme, baada ya kulinganisha mwendo wa mbele na wa nyuma. Klachi isipoachia, mbele na nyuma huvutana kama watu wawili waliofungwa kamba moja.

Jaribio lake ni rahisi. Katika Subaru nyingi za otomatiki zisizo na turbo, ndani ya boneti kuna kishikio kilichoandikwa FWD. Ukipachika fyuzi humo, klachi ya nyuma huamriwa kuachia kabisa, na gari huendeshwa na magurudumu ya mbele tu. Rudia kona ileile. Kama mgomo umekwisha, valvu inafanya kazi na klachi inaweza kuachia. Basi tafuta kosa kwenye tairi, sensa na waya. Kama mgomo umebaki, valvu imekufa au klachi yenyewe imeng'ang'ana, na hapo kazi ni ya kufungua. Fyuzi hiyo ni ya kujaribia, isigeuzwe dawa ya kudumu.

Twatoa mfano mmoja bila kutaja majina. Dereva wa mwajiri mmoja aliendesha gari la namna hii miezi mingi kwenye njia za mchanga na vumbi. Siku alipotumwa mjini, gari likaanza kugoma konani juu ya lami. Aliporudi aliambiwa kwamba ameharibu giaboksi katika safari ile, na makato yakaanza. Tulipoitwa, tulikwenda na fundi. Oili ilikuwa nyekundu na safi. Fyuzi ilipopachikwa, gari likakata kona bila taabu. Ndipo tukatazama tairi: mbili za mbele mpya, mbili za nyuma zimekwisha kabisa. Tairi iliyolika ni ndogo, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi, na kompyuta ilidhani kuwa magurudumu yanateleza. Kila mara ikaibana klachi. Ugonjwa ulikuwapo kabla ya safari, ila mchanga ulikuwa ukiuficha, kwa kuwa juu ya mchanga gurudumu huteleza na kujipatia nafasi. Lami haina huruma hiyo.

Aliyeagiza tairi mbili badala ya nne hakuwa dereva. Tairi nne zinazolingana zilipofungwa, mgomo ukaisha. Makato yalisimamishwa na fedha zilizokwisha katwa zikarudishwa.

Tangu hapo twasisitiza: fowili yahitaji tairi nne za saizi moja na zilizolika sawa. Subaru yenyewe hutaka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi.

KUVUTA GARI LILILOKUFA

Gari la fowili la otomatiki lisivutwe huku magurudumu mawili yameinuliwa na mawili yapo chini. Njia iliyo salama ni kulipakia lote juu ya lori. Madereva wengi wamelaumiwa kwa giaboksi iliyouawa na wavutaji. Wala halisukumwi ili liwake, kwa sababu otomatiki haiwaki kwa kusukumwa.

Mzigo nao huua. Marufuku ya uvuvi ya kila mwaka huanza tarehe 1 Desemba na kwisha mwishoni mwa Februari. Uvuvi unapofunguliwa mwezi Machi, mvua bado zipo, njia ni matope, na kila mwenye samaki anataka gari lijazwe mpaka dari. Gari lililozama likazungusha magurudumu kwa nguvu huchemsha oili upesi. Dereva aliyekataa kuongeza mzigo ameilinda mali ya mwajiri, na hiyo isihesabiwe kuwa utovu wa nidhamu.

TUFANYE NINI

Kwanza, unapokabidhiwa gari, pima oili na tazama tairi mbele ya shahidi, kisha andika kwenye daftari la gari pamoja na tarehe.

Pili, dalili ikianza, iandike siku hiyohiyo: gari lilikuwa baridi au moto, kwenye kona au njia iliyonyooka, juu ya mchanga au lami. Mpe msimamizi nakala.

Tatu, oili ikimwagwa, weka kiasi ndani ya chupa safi inayoonyesha. Rangi yake ni shahidi asiyenunulika.

Nne, fundi aandike alichopima na alichokiona. Maneno "giaboksi imekufa" peke yake hayatoshi.

Tano, usitie sahihi karatasi ya kukubali makato kabla hujamwona mwakilishi wa chama. Sheria ya Ajira ya Zambia ya mwaka 2019 inaweka masharti juu ya makato ya mshahara. Mwajiri hana ruhusa ya kukata apendavyo.

Ndugu, chuma huchakaa kama mwili wa mfanyakazi unavyochakaa. Dereva aliyefanya uzembe atawajibika, nasi hatutamficha. Lakini uzembe uthibitishwe kwa oili, kwa fyuzi, kwa tairi na kwa maandishi. Tusikubali mshahara wa mtu ulipe uzee wa gari.

Umoja ni nguvu.