KAURI NA FEDHA ZENYE KAULI

Ziko sahani za kulia na ziko sahani za kutazama. Mtu wa Pwani haelezwi jambo hili mara mbili, kwani wazee wetu wa Lamu na Pate walijenga zidaka katika kuta za ndani, safu juu ya safu, wakapanga humo makombe na mabakuli ya Kichina ambayo hayakuonja mchuzi hata siku moja. Mambrui walikwenda mbali zaidi, wakavitia vyombo hivyo katika chokaa ya mnara wa kaburi ili aliyelala pale asipungukiwe na heshima. Basi nikisema kwamba Waingereza nao wana watu, tena si haba, ambao hutumia umri wao na mali yao kukusanya sahani wasizolia na nishani za fedha wasizozivaa, msomaji asistaajabu. Ni ndugu zetu wa tabia.

Mimi binafsi nimekuwa mpenzi wa mambo haya kwa miaka mingi. Mfuko wangu si wa minada ya London, lakini macho hayana pazia, na vitabu vya wakusanyaji husomwa hata na asiyenunua. Na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona kuwa vitu hivi vina maneno, na maneno yake mengine yanatuhusu sisi zaidi kuliko wanavyodhani wenye makabati ya vioo.

Tuanze na kauri. Siri ya kuitengeneza ilikuwa ya Wachina kwa karne nyingi, na Ulaya ikilipa fedha nyingi kuinunua. Wajerumani ndio waliotangulia kuivumbua, wakafungua kiwanda cha Meissen mwaka 1710. Waingereza walichelewa. Kiwanda chao mashuhuri cha mwanzo, Chelsea, kilianza mnamo 1745, na mkuu wake, Nicholas Sprimont mzaliwa wa Liège, hakuwa mfinyanzi kwa asili. Alikuwa sonara wa fedha. Ndiyo maana vyombo vya mwanzo vya Chelsea vina umbo la vyombo vya fedha. Fundi alibadili kitu cha mkononi, mkono ukabaki ule ule. Na hapa nataja kwa kupita tu kwamba sisi tuliokatazwa kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha tulikuwa na sababu yetu ya kuipenda kauri.

Alama ya Chelsea ilikuwa nanga. Kwanza nanga iliyoinuka, kisha nanga nyekundu ya miaka ya 1752 hadi 1756, baadaye ya dhahabu. Mjuzi hutafuta nanga ndogo mno, imefichwa pembeni kama isiyotaka kuonekana, kwani nanga kubwa inayojitangaza aghlabu ni ya waigaji. Waigaji hao walikuwa wengi, na nyumba ya Samson ya Paris, iliyoanzishwa 1845, ilijipatia jina kwa kazi hiyo. Lakini iko alama nyingine ambayo mimi naipenda zaidi. Ukiishika sahani ya Chelsea ya nanga nyekundu ukaielekeza kwenye taa, huona ndani ya udongo wake madoa ya mwanga, duara duara, na wakusanyaji huyaita miezi. Sahani yenye nanga na miezi! Yangelikuwa ya baharia wa Kimvita, mashairi yangekwisha tungwa zamani.

Ila sahani hizo nzuri zilikuwa na ila. Udongo wa Chelsea haukustahimili maji ya moto. Ukimimina chai inayochemka, buli huweza kupasuka. Wa Worcester, waliofungua kiwanda chao 1751, walitia unga wa jiwe la sabuni kutoka Cornwall, na vyombo vyao vikastahimili. Watu wa Bow nao walichanganya majivu ya mifupa, na katika miaka ya 1790 jamaa wa Spode wakaikamilisha njia hiyo hata karibu nusu ya mchanganyiko ikawa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Kama kuna msomaji atakayeuliza yapasa nini kuhusu kikombe hicho, swali hilo namwachia mwenye ilimu ya fiqhi.

Sasa jiulize, chai yote hiyo iliyopasua mabuli ilitiwa nini? Ilitiwa sukari. Na sukari ya Uingereza wakati huo ilitoka Jamaica, Barbados na visiwa vya jirani, imelimwa na watumwa waliochukuliwa Afrika ya Magharibi. Meza ile ilikuwa na China katika buli, Afrika katika sukari, na Mwingereza akiwa amekunja miguu. Kikombe chembamba kinachopitisha mwanga kilikuwa kikipitisha na hayo.

Tarehe 22 Mei 1787 watu kumi na wawili walikutana London wakaunda chama cha kukomesha biashara ya utumwa, na chama kikataka muhuri. Josiah Wedgwood, mfinyanzi tajiri wa Staffordshire, akauleta mchoro wa muhuri huo katika udongo. Fundi wake William Hackwood alichora mwanamume mweusi aliyepiga goti, mikono na miguu imo minyororoni, uso umeinuliwa, na juu yake maneno: Je, mimi si mtu, na ndugu? Kitu chenyewe si kikubwa, kama sentimita tatu tu, mtu mweusi juu ya udongo mweupe. Wakusanyaji wakali watanikosoa kuwa hiyo si kauri hasa bali ni udongo mgumu uitwao jaspa, nami nawakubalia. Lakini ukiniuliza katika kabati zima la Kiingereza ni kipi ningekitoa kwanza nyumba ikishika moto, ningetoa hicho.

Wedgwood hakuviuza. Alivigawa. Mwaka 1788 alipeleka mzigo wake Philadelphia kwa Benjamin Franklin. Wanaume walivitia katika vifuniko vya vikopo vya tumbaku, na wanawake wakavivaa katika bangili na vibanio vya nywele, hata ikawa mtindo wa mji. Kuna wanaocheka jambo hili, kwamba dhiki ya mtu iligeuzwa pambo. Mimi sicheki sana. Mwanamke wa Kiingereza wa zama hizo hakuwa na kura wala mimbari. Alikuwa na kifua, mkono na meza ya chai, akasemea hapo.

Na meza hiyo ilisema kwa nguvu. Kuanzia 1791 watu walianza kuisusia sukari ya watumwa, na Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi nzima kwa farasi akikusanya ushahidi, alikadiria kuwa walioiacha wamefika watu 300,000. Miaka ya 1820 ususiaji ulipofufuka, yakatokea mabakuli ya sukari yaliyoandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba iliyomo ni sukari ya India, haikufanywa na watumwa. Muuza vyombo mmoja wa Peckham, London, kwa jina B. Henderson, alitoa tangazo lenye hesabu kamili: nyumba itumiayo ratili 5 kwa wiki, ikihamia sukari ya India kwa miezi 21, itakuwa imemwokoa mtu mmoja. Ama hesabu ya biashara haikosi kamwe! Lakini bakuli hilo nalo lina upande wa pili. Sheria ya Uingereza ya 1833 iliyokomesha utumwa katika makoloni haikuigusa ardhi ya Kampuni ya India, na huko utumwa ulipigwa marufuku 1843 tu. Maneno yalikuwa ya dhahabu, na ukweli wake ulikuwa nusu.

Hebu niingie kwenye nishani, kwani hapo ndipo mkono wangu ulipofika. Sisemi nishani za askari avaazo kifuani, bali zile za kumbukumbu, zipigwazo chapa ili tukio fulani lisisahaulike. Waingereza walizipiga kwa kila jambo: kutawazwa mfalme, kufunguliwa daraja, kushinda vita. Mfano ulio bora ni ule wa vita vya Abukir, Misri, tarehe 1 Agosti 1798, Nelson alipoviangamiza vyombo vya Bonaparte. Wakala wake, Alexander Davison, alitoa mali yake mwenyewe akapigisha nishani kwa kila aliyepigana: ya dhahabu kwa maamiri na makapteni, ya fedha kwa maofisa wa chini yao, ya shaba iliyopakwa dhahabu kwa wadogo wao, na ya shaba tupu kwa mabaharia. Bahari moja, risasi moja, kifo kimoja, madini manne. Mkusanyaji wa leo huzitafuta za fedha, na ikiwa jina la mwenyewe limechorwa juu yake, bei hupanda.

Ya bandia hujulikana. Nishani halisi imepigwa chapa, kwa hiyo uso wake ni laini na herufi zake kali. Iliyosubiwa katika kalibu huwa na vishimo vidogo kama ngozi ya aliyepona ndui, ukingo wake una alama ya maungio, na huwa ndogo kidogo kuliko asili yake, maana madini yakipoa hunywea. Na nakuomba, ewe uliyerithi moja, usiisugue kwa majivu na ndimu kama tufanyavyo vikuku. Ule weusi ulioushika uso wa fedha ndio umri wake, na ukiuondoa umeondoa nusu ya thamani.

Nasema hivi kwa sababu nimeona kwa macho yangu. Katika duka la sonara mmoja wa Mombasa, ambaye jina lake silitaji, palikuwa na mkebe wa fedha kuukuu iliyonunuliwa kwa uzani ikingoja tanuri. Ndani yake mlikuwa na vikuku vilivyokatika, sarafu za Maria Theresa, na nishani ndogo ya fedha ya Yubilee ya Malkia Victoria ya 1897, uso mmoja malkia kijana na wa pili malkia mzee wa shela. Niliinunua kwa uzani ule ule. Si kitu adimu, maana zilipigwa kwa wingi mno. Lakini mwaka huo huo wa 1897, tarehe 6 Aprili, miezi miwili kabla ya sherehe za London, ndipo Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu mkataba wa 1873 wa Sayyid Barghash. Na kwetu huku, katika ukanda wa Pwani ya Kenya, sheria ilikuja 1907. Haya si mambo tuyapendayo kuyataja barazani. Katika nyumba zenye zidaka, mwenye kuvifuta vumbi vyombo vile si aliyevinunua. Na huko Uingereza kwenyewe, fidia ya pauni milioni 20 chini ya sheria ya 1833 walilipwa mabwana, si watumwa.

Kwa ajili hiyo, lile goti la mtu wa Wedgwood limenisumbua siku nyingi. Alichongwa na marafiki, hilo halina shaka. Lakini walimchonga akiomba. Picha ikapendwa, ikaigwa katika sahani, vikombe, vikopo na nishani. Mwaka 1834 Joseph Davis wa Birmingham alimpiga chapa tena, bado yuko chini. Hata minyororo ilipokatwa kwa sheria, katika kauri na madini mtu yule aghlabu hakuruhusiwa kuinuka.

Ila ipo nishani moja ambayo ameinuka. Imetajwa mwaka 1807, bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara ya utumwa, ingawa ilipigwa miaka kadhaa baadaye, kwa ajili ya Macaulay na Babington, wafanyabiashara waliokuwa na shughuli Sierra Leone. Ni ya shaba, si ya fedha, na upana wake hauzidi sana ule wa sarafu kubwa ya peni ya zamani. Upande mmoja Mzungu na Mwafrika wamesimama wima, wamepeana mikono, na maneno ya Kiingereza yasemayo kuwa sisi sote ni ndugu. Ukiigeuza, hakuna picha. Kuna maandishi ya Kiarabu, mistari kwa mistari, kwa kuwa wafanyabiashara Waislamu wa bara ya Sierra Leone walikuwa wasomi wa hati hiyo, na mwenye kutaka kusema nao ilimpasa aandike kwa kalamu yao. Maana yake ni kwamba kuuza watumwa kumekatazwa mwaka 1807 wa Kimasihi, katika zama za Sultani George wa Tatu, na kwamba hakika sisi sote ni ndugu.

Sultani George! Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kisha nikaisoma tena polepole kama nilivyofundishwa chuoni, herufi kwa herufi, kutoka kulia. Katika vitabu na makabati niliyoyaona mimi, nishani hii aghlabu huwekwa upande wa mikono na Kiingereza juu, na Kiarabu chini gizani, maana wenye kuimiliki hawakisomi. Bado sijaipata. Nikiipata nitaiweka kidakani, imegeuzwa.