Boksi linasema dakika 31. Ukirusha droni Kimuli utapata ngapi?

Mjasiriamali mwenzangu, kama unauza mashamba, viwanja, kahawa au ndizi mtandaoni, unajua video ya kutoka juu inavyovuta wateja. Mteja wa Dar hapandi basi kuja Kyerwa kwa maneno matupu. Akiona mpaka wa shamba, barabara na maji yalipo, hapo ndipo anauliza bei.

Sasa ngoja nikupe yaliyonikuta. Nilienda Kimuli kumrekodia mteja shamba la kahawa lililoko ng'ambo ya bonde. Nikarusha droni kutoka kilimani, upepo ukiwa mgongoni, ikafika chap. Nikazungusha weee, nikasahau kuangalia betri. Kurudi, upepo uko usoni! Rimoti ikaanza kulia, mara droni ikatua yenyewe kwenye migomba ya jirani. Tuliitafuta saa mbili. Nilipoipata, mapanga mawili yamevunjika. Na mtaji wa ile droni ulikuwa mkopo wa kikoba. Ningeipoteza, marejesho yangetoka wapi?

Toka siku ile nimejifunza haya. Twende kazi.

1. Usiamini namba ya boksi
Mfano DJI Mini 2. Mtengenezaji anasema inakaa hewani hadi dakika 31, lakini kipimo hicho ni pasipo upepo kabisa, droni ikienda taratibu mita 4.7 kwa sekunde. Ukibakiza robo ya chaji kwa usalama, umebaki na dakika kama 23. Toa upepo, toa kupanda kilima, ujihesabie 18 hadi 20 za kazi. Panga kazi yako kwa hizo.

2. Nenda dhidi ya upepo, rudi nao
Hesabu ni hii. Droni inakwenda mita 10 kwa sekunde, upepo ni mita 5, shamba liko kilomita moja. Ukienda dhidi ya upepo unatumia sekunde 200, kurudi sekunde kama 67 tu. Ukifanya kinyume, zile sekunde 200 ngumu zinakukuta betri imechoka. Ndicho kilichonitokea mimi. Kabla ya kurusha, tazama majani ya migomba yanalalia wapi. Na kumbuka upepo wa juu huwa mkali kuliko wa chini.

3. Huku hewa ni nyepesi
Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mto Kagera unashukia huko, kwa hiyo Kyerwa yote iko juu zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, mapanga yanazunguka kwa kasi zaidi kubeba uzito uleule, na betri inalipa. Usishangae droni ya rafiki yako wa Dar ikikaa hewani kidogo zaidi ya yako.

4. Punguza mzigo na kupanda ovyo
Vikinga mapanga, taa za kubandika, stika, vyote ni uzito. Kama uko sehemu ya wazi, vitoe. Kupanda juu ndiko kunakokula chaji sana, kwa hiyo panda mara moja, piga picha zote za juu, halafu shuka ukimalizia za chini. Usipande na kushuka kama lifti.

5. Usiiache isimame hewani
Wengi tunadhani droni ikisimama inapumzika. Wapi! Ikienda mbele taratibu inapata msaada wa hewa, ikisimama inabebwa na mapanga peke yake. Andika picha unazotaka kwenye karatasi ukiwa bado chini: mpaka, barabara, maji, nyumba. Rekebisha kamera kabla ya kuruka, sio hewani.

Unataka ushahidi kwamba umbo la ndege lina kazi? Mwaka 2018 DHL, Wingcopter na GIZ walijaribu kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa droni. Ilikwenda kilomita 60 kwa dakika kama 40. Siri yake kubwa ni mabawa: ikishapaa, bawa linabeba uzito na betri inabaki na kazi ya kusukuma mbele. Ya kwetu haina bawa, kwa hiyo tubane matumizi.

6. Tunza betri ikiwa chini
Asubuhi ya baridi, weka betri mfukoni ipate joto, na ukiruka ikae karibu dakika moja kabla ya kuituma mbali. Mchana usiiache juani kwenye pikipiki. Ikitoka kuruka ni ya moto, iache ipoe ndipo uchaji. Kama hurushi wiki nzima, ihifadhi ikiwa nusu chaji, sio imejaa wala tupu. Ikivimba, usiichaji tena wala usimuuzie mtu. Inaweza kuwaka moto.

7. Rudi ikifika asilimia 30
Usisubiri rimoti ilie. Kwenye mabonde yetu weka pia kimo cha kurudi yenyewe kiwe juu ya miti na kilima, la sivyo inarudi ikijigonga.

Sasa upande wa biashara. Bei yako ihesabu betri, sio saa. Kazi ikihitaji betri mbili, mwambie mteja mapema. Na kama unauza droni iliyotumika, irushe mbele ya mnunuzi, upime dakika kwa saa ya simu, uandike hizo kwenye tangazo. Ukiandika 31 na yeye akapata 15, umepoteza mteja na jina.

Mwisho, kabla ya yote, pata kibali cha TCAA. Kyerwa inapakana na Rwanda na Uganda, kwa hiyo usichezee mpakani.

Nikarudi Kimuli wiki iliyofuata. Safari hii nilianza na upepo usoni, nikamaliza kazi kwa betri moja na kutua na asilimia 34. Mteja kapata video yake, na mimi nikapeleka rejesho la kikoba.

Yako inakaa hewani dakika ngapi? Tuambie, tujifunze wote.