Mikanda Iliyofutwa London, Ikapatikana Jos

Kibanda changu kipo kando ya barabara kuu hapa Kagongwa, malori ya kwenda Kahama yanapita mlangoni. Mchana nawawekea wateja filamu na nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Jioni, mashine za mpunga zikizimwa, tunaonyesha. Maneno ninayoyasikia kila siku ni haya: "Futa hizo za zamani, weka mpya." Nafuta, maana kadi ni ya mteja. Lakini nakala moja hubaki kwenye diski yangu, na iliyonitia tabia hiyo ni tamthilia ya Waingereza iitwayo Doctor Who.

BBC ilianza kuirusha Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Walimu wawili wanamfuata mwanafunzi wao hadi kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Wanakuta kibanda cha simu cha polisi, wanaingia, na ndani ni kukubwa kuliko nje. Kumbe ni chombo cha kusafiria kwenda zama zozote, na mwenyewe ni mzee mkali, mwenye siri nyingi, aliyeigizwa na William Hartnell.

Vijana wakianza kuzomea picha isiyo na rangi, nawaambia wasikilize kwanza. Ile sauti ya chombo kikiondoka, kama chuma kinachogoma, ilitengenezwa na Brian Hodgson: alichukua ufunguo wa nyumba ya mama yake, akakwaruza nao nyaya nene za piano, akarekodi, kisha akaichezea sauti hiyo kwenye mikanda. Muziki wa kufungulia aliutunga Ron Grainer, ila aliyeujenga ni Delia Derbyshire, noti moja baada ya nyingine, akikata vipande vya mkanda kwa mkono na kuviunganisha. Kwangu mimi hakuna muziki wa filamu ulioupita. Na wale maadui waitwao Dalek? Ndani ya kila mmoja amekaa mtu anasukuma kwa miguu, na mkono mmoja ni kimpira cha kuzibulia sinki. Hilo unalijua, na wakianza kuongea bado unashtuka.

Kazi hiyo yote BBC wenyewe waliifuta. Mkanda wa video ulikuwa ghali, makubaliano na waigizaji yalibana kurudia vipindi, na watu hawakuwa na mashine ya kuangalizia video nyumbani. Basi mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuingia ya 1970, mikanda ikafutwa ili irekodiwe vitu vingine.

Kilichookoa sehemu kubwa ni biashara. Wateja wa nje waliuziwa nakala za filamu ya milimita 16, na Kenya na Uganda zilikuwamo, pamoja na Nigeria na Zambia. Nairobi ilikuwa na televisheni tangu 1962, Kampala tangu 1963. Sisi wa Tanzania Bara tulingoja hadi 1994. Zanzibar ilikuwa imeshatutangulia kwa miaka mingi. Nchi ikimaliza kuonyesha, ilitakiwa irudishe makopo ya filamu London, iyapeleke kwa mnunuzi mwingine au iyaharibu. Mengine yalibaki stoo tu.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, amepata vipindi tisa vilivyokuwa vimepotea katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Vilitoka kwenye hadithi mbili za wakati wa Patrick Troughton, aliyempokea Hartnell. Katika moja, Troughton anaigiza shujaa na dikteta anayefanana naye. Katika nyingine, madude yenye manyoya yanatawala reli ya chini ya ardhi ya London. Hata baada ya hapo, vipindi 97 vilikuwa bado havijapatikana.

Hiyo ya reli niliionyesha hapa, nikitafsiri papo hapo kwa kufuata njia ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu. Sehemu ya tatu haikurudi pamoja na nyingine. Imebaki sauti yake, pamoja na picha za mnato. Sauti za vipindi vyote vilivyopotea zipo, kwa sababu watazamaji wa Uingereza walizirekodi nyumbani kwa tepurekoda. Nilidhani watu watatoka. Mzee mmoja wa mashine ya mpunga akaniambia, "Endelea, mwanangu, sisi tumekua na michezo ya redio." Aliyetoka ni dereva mmoja tu, gari lake lilikuwa limepakiwa.

Tangu siku hiyo nawaza sana kuhusu stoo zetu. Maktaba ya mikanda ya iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sasa iko chini ya TBC, imebeba bendi, ngoma na michezo ya nchi nzima, na mkanda wa sumaku huchakaa hata usipoguswa. Hiyo inahitaji mafundi na fedha, tena mapema. Ombi langu la pili ni dogo. Mafundi wa zamani wa televisheni Nairobi na Kampala wamestaafu, na baadhi yao walibeba vitu vya ofisini visivyotakiwa tena. Kama una baba au babu aliyefanya kazi hiyo, na kuna makopo bapa ya bati chini ya kitanda au juu ya dari, usiyauze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Soma kwanza lebo. Ukifungua ukasikia harufu kali ya siki, filamu imeanza kuoza: usiizungushe kwenye mashine yoyote, iweke pakavu penye ubaridi, kisha mtafute mtu wa nyaraka.