Mashemeji Uwanjani, Mashemeji Serikalini

Mapambano ya kandanda katika nchi yetu ni mengi, lakini ni moja tu lililopewa jina la ujamaa wa ndoa. Gor Mahia inapokutana na AFC Leopards, watu husema leo ni siku ya Mashemeji. Jina hilo limetokana na kuoana kwa Waluo na Waluhya, jamii mbili zilizoziasisi klabu hizo. Shemeji humtania shemejiye, humshinda kwa maneno, kisha jua likichwa huketi naye wakala sinia moja. Hiyo ndiyo maana ya jina, na tungependa msomaji aishike, kwani tutairudia.

Huku kwetu Pwani klabu hizi zina wafuasi wengi, na baraza za kahawa za Mji wa Kale, Majengo, Likoni na Malindi hazikosi mtu wa K'Ogalo wala mtu wa Ingwe. Tumekuwa tukiyasikiliza mazungumzo ya vijana wetu na wazee wao, nasi tumeona kuwa mabishano yao huzunguka mambo manne: fedha za klabu, upinzani, wachezaji, na siasa hii ya vyama kuungana na kuachana. Dada zetu wengi huyadhania hayo kuwa ni maneno ya wanaume ya kupitishia jioni. Sisi tunaona kuwa yanaugusa mkoba wa nyumba, amani ya mtaa na malezi ya watoto, na kwa ajili hiyo tumeona vyema kuyaleta katika kurasa hizi.

Klabu zilizozaliwa kwa kuungana

Klabu yenyewe ni muungano kabla ya wanasiasa kuungana. Abaluhya Football Club iliundwa mwaka 1964 kwa kuzikusanya timu ndogondogo za koo mbalimbali za Waluhya. Gor Mahia ikafuata mwaka 1968, ikakusanya nguvu za Waluo zilizokuwa zimetawanyika katika timu tofauti, na mwaka huohuo ikatwaa ubingwa wa taifa. Wazee wa Mombasa huingilia hapo kwa fahari na kukumbusha kuwa kabla ya hayo kombe lilikwisha kuja Pwani, pale Feisal ilipokuwa bingwa mwaka 1965.

Ulipofika mwaka 1980, serikali ya Rais Moi iliamuru vyama na klabu ziache majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na herufi zile tatu zikapewa maana mpya isiyotaja kabila. Jina likabadilika, nyoyo zikabaki zilipokuwa. Hili ni funzo la kwanza tulilolipata kwa mashabiki wenyewe: amri hubadilisha kibao cha mlangoni, ama mapenzi na chuki za watu huhitaji kazi nyingine ya subira.

Katika miaka ile klabu hizi zilikuwa na heshima kubwa. Kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati lilikaa Kenya kwa miaka saba mfululizo, toka 1979 hadi 1985, likipokezanwa na mashemeji hawa wawili. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitoka sare ya mabao 2-2 na Espérance mjini Tunis, ikatoka sare ya 1-1 Nairobi, ikalitwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta nyumbani kombe la bara zima.

Fedha ni za nani, nazo zaenda wapi?

Hapa ndipo mashabiki wanaposema kwa uchungu zaidi. Katika Ligi Kuu ziko klabu zenye mwenyewe anayelipa: Bandari yetu ya Mombasa hulelewa na Mamlaka ya Bandari, Ulinzi ni ya jeshi, KCB ni ya benki, Tusker ni ya kiwanda cha pombe, na mwaka 2025 ubingwa ulichukuliwa kwa mara ya kwanza na Kenya Police. Gor Mahia na AFC Leopards hazina mwajiri wa namna hiyo. Ni mali ya wanachama, na riziki yao ni kiingilio cha uwanjani, michango, na mdhamini akipatikana.

Shabiki wa klabu ya wanachama hutoa na hutaka kujua. Huuliza: ikiwa uwanja ulijaa, mbona mapato yaliyotangazwa ni haba? Ikiwa tulichanga kwa simu ili timu isafiri, mbona wachezaji wanalalamika mishahara ya miezi kadhaa? Kesi za wachezaji na walimu wa kigeni wasiolipwa zilifika hadi FIFA, na klabu zote mbili zikapata kufungiwa kusajili wachezaji wapya. Mwenye deni halali usingizi, na klabu nayo ni vivyo hivyo.

Kwa miaka kadhaa pengo hilo lilizibwa na fedha za kamari. Kampuni ya SportPesa ilizidhamini klabu hizi mbili na ligi yenyewe. Mwaka 2017 jina lake likatokea hata kwenye jezi ya Everton ya Uingereza. Gor Mahia ikacheza na Everton Dar es Salaam mwaka ule, na mwaka 2018 ikaifuata kwao ikafungwa 4-0. Mashabiki walishangilia safari hiyo, ila walikuwako waliouliza swali zito: hizi shilingi zinazoivisha timu ya Uingereza zimetoka mfukoni mwa nani? Mwaka 2019 kampuni ikahitilafiana na serikali juu ya kodi na leseni, udhamini ukakatika, na klabu zikabaki zikihangaika kulipa mishahara.

Jibu la swali lile, akina mama wanalijua kuliko mashabiki. Zimetoka katika karo ya mtoto, katika kodi ya nyumba, katika fedha za sokoni zilizoachwa juu ya kabati. Tumeletewa mashauri ya ndoa zaidi ya moja ambamo mume hakuwa mlevi wala mzinzi, ila alikuwa akibashiri matokeo kila Jumamosi, na kila Jumamosi akiahidi kuwa ya Jumapili itarudisha yote. Hukumu ya kamari haina utata kwa Muislamu. Suratul Maida imeitaja pamoja na ulevi. Vijana hutuuliza pia juu ya mchezaji anayelipwa na klabu yenye mdhamini wa namna hii. Hilo ni la kupelekewa mwanachuoni kwa hali ya mtu na mkataba wake, wala si la kukatwa kwa mstari mmoja wa gazeti. La anayebashiri kwa fedha ya watoto wake halingoji mjadala.

Utani ukigeuka uadui

Utani una mipaka, na mipaka ikivukwa hulia mzazi. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika msongamano kwenye lango la uwanja wa Nyayo siku ya Mashemeji, watu wasiopungua saba walipoteza maisha. Walikuwa wametoka majumbani kwao kwenda kutazama mpira. Machi 2012 pambano jingine lilisimama kwa muda uwanjani humo baada ya mchezaji kuonyeshwa kadi nyekundu na mashabiki kuanza kurusha mawe.

Mashabiki wenye umri hutofautisha mambo mawili. Kumwambia mwenzio timu yako imekwisha, tangu 1998 hamjauona ubingwa, huo ni utani, na mtu wa Leopards ana majibu yake tayari, kwani Gor nayo ilikaa toka 1995 hadi 2013 bila kombe hilo. Kumtukana mtu kabila lake, mama yake au dini yake ni jambo jingine. Hiyo ndiyo asabia tuliyokatazwa: kumnusuru mtu wako hata akiwa mdhalimu, na kumchukia mwingine kwa sababu ya alikozaliwa.

Mchezaji si malaika

Juu ya wachezaji maoni ni mengi, nasi tutataja wawili tu. McDonald Mariga ni mtoto wa Noah Wanyama, aliyeichezea AFC Leopards, na ni ndugu yake Victor Wanyama aliyechezea Celtic na Tottenham. Mwaka 2010 Mariga alikuwa Inter Milan ilipotwaa ubingwa wa Ulaya, na Kenya nzima ikamwita mwana wetu. Mwaka 2019 akagombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee, akashindwa na mgombea wa ODM. Waliompigia makofi wakajigawa, wengine wakimwita msaliti kana kwamba aliwahi kuwaahidi chama. Desemba 2024 akachaguliwa naibu wa rais wa Shirikisho la Kandanda la Kenya. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni jezi tuliyotaka sisi aivae.

Wa pili si Mkenya. Frédéric Kanouté wa Mali, alipokuwa Sevilla ya Hispania mwaka 2006, alipinga kuvaa jezi yenye jina la kampuni ya kamari. Mwaka uliofuata akatoa fedha zake ili msikiti wa mji ule usiwatoke Waislamu. Kijana akitaka picha ya mchezaji ya kubandika ukutani, na atafute pia habari za mchezaji huyo anapokuwa nje ya uwanja.

Nusu mkate

Sasa tuje kwa siasa, kwani barazani mpira na siasa havina ukuta kati yake. Marehemu Raila Odinga alikuwa mlezi wa Gor Mahia, na viongozi wa Waluhya wamekuwa wakionekana upande wa Leopards. Basi kila vyama vinapoungana au kuachana, mashabiki huusoma muungano kama wanavyosoma usajili.

Nao wamesoma mengi. Mwaka 2002 vyama viliungana katika NARC, vikashinda, kisha vikagombana juu ya maafikiano ya kugawana madaraka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakahama makwao, hadi Mwai Kibaki na Raila walipotia saini mapatano tarehe 28 Februari 2008. Wakenya wakaiita serikali ile nusu mkate. Mwaka 2017 Raila, Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula walikuwa pamoja katika NASA. Machi 2018 ikaja handisheki ya Raila na Uhuru Kenyatta, na washirika wakaachwa nje. Mwaka 2022 Mudavadi na Wetang'ula wakawa upande wa William Ruto, Raila upande wa Azimio. Mwaka 2024 watu wa ODM wakaingia katika baraza la mawaziri, na Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini makubaliano. Mashemeji wakajikuta tena meza moja.

Mashabiki wana maoni mawili juu ya haya. Wako wasemao kuwa viongozi ni kama wachezaji wa kulipwa: huhama anapolipwa zaidi, na shabiki hubaki na jezi kuukuu na koo lililokauka. Wengine husema bora mkate ukatwe nusu kuliko nyumba kuchomwa, na waliozika watu wao mwaka 2008 huwaelewa haraka. Kila upande una hoja. Sulhu ni jambo tukufu. Lakini mapatano ya viongozi huandikwa kwa siku moja, na matusi tuliyotupiana majirani kwa ajili yao huchukua miaka kufutika. Wao wakipeana mikono, je, sisi tumekwisha kupeana?

Swali lile shabiki analoiuliza klabu yake ndilo linalofaa kuulizwa serikali ya muungano. Mapato ni kiasi gani, yamekwenda wapi, na mchezaji aliyetoka jasho amelipwa? Tunaona ajabu kuwa mtu hukumbuka mabao ya mwaka 1987 na aliyeyafunga, ila hana habari bajeti ya kaunti yake imejenga nini katika mtaa wake mwaka huu.

Majumbani kwetu

Akina mama na dada zetu, hatuwaambii muwafungie vijana mlango. Mpira ni mazoezi na ni furaha ya halali. Tunawaomba mambo matatu. Kwanza, hesabu ya nyumba isomwe wazi, mume na mke wakijua kilichoingia na kilichotoka; na simu ya kijana iangaliwe anapoanza kukopakopa bila sababu. Pili, mtoto akitoa neno la kumdhalilisha kabila la mtu mbele ya runinga, akanyweshwe hapohapo, hata baba akiwa amecheka. Tatu, siku ya Mashemeji mwalikeni jirani wa upande wa pili, mumtilie chai na mahamri, mtazame pamoja.

Na ukifika wakati wa uchaguzi, mlango huohuo ubaki wazi kwa jirani huyohuyo.

Wabillahi tawfiq.