Wimbo Ni wa Bure, Mtunzi Anakula Nini?



Siku moja, sisi akina mama wa jumuiya yetu hapa Nyegina tulikwenda kumjulia hali mwalimu wa kwaya aliyekuwa mgonjwa. Nyimbo zake huimbwa kigango hadi kigango, na nota zake hunakiliwa na kugawiwa bila mwenyewe kuulizwa. Tulimkuta mkewe ameuza mbuzi ili apate fedha za dawa. Akatuambia kwa upole, "Mama zangu, nyimbo mnaimba, lakini watoto wangu hawali nyimbo." Tulirudi nyumbani kimya, na aibu imetujaa.

Tukisoma kitabu cha Kutoka, tunaona Mungu akiwaita mafundi Bezaleli na Oholiabu kwa majina yao ili wapambe hema yake. Watu wengine hawakukaa kutazama tu. Walileta dhahabu na vitambaa, na akina mama wakasokota nyuzi kwa mikono yao. Fundi alitoa kipaji, jamaa ikatoa vifaa.

Hata kwetu mifano ipo. Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa hapa hapa Nyegina mwaka 1943, alizitunga Injili kwa utenzi wa Kiswahili. Mwaka 1996 tenzi hizo zilichapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Bila mtambo wa chapa wa Kanisa, huenda kazi ile ingebaki sandukuni.

Ukisafiri kwa basi kutoka Musoma kwenda Mwanza, kabla ya kuingia mjini utapita Kisesa. Jirani yake ni Bujora, ambako Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alishirikiana na Wasukuma hata sanaa yao ikaingia kanisani, na ngoma za Bulabo zikachezwa katika sikukuu ya Ekaristi. Huko Dar es Salaam nako, mwaka 1972, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa, ili vijana wenye vipaji wapate mahali pa kufanyia kazi na kuuza walichotengeneza.

Wengine watauliza: Je, Bwana hakutufundisha kutoa bure tulichopewa bure? Ndiyo. Lakini ni yeye pia aliyefundisha kwamba mfanyakazi anastahili ujira. Wimbo ukiwa wa bure kwa parokia nzima huku gharama yote ikibebwa na nyumba moja, hapo hatujatoa sadaka. Tumemtwisha mwenzetu mzigo.

Akina mama, tunaweza kuanza na mambo madogo. Tumwombe mtunzi ruhusa kabla ya kunakili, na jina lake liandikwe juu ya nota. Tukimwagiza mchoraji picha ya kanisa, tupatane naye mapema bei ya rangi na ya kazi yake. Tuiombe halmashauri ya parokia itenge fungu la sanaa kama inavyotenga la mishumaa.

Jumuiya yetu ilikubaliana kwamba kila nyumba itoe kidogo kila kwaya inapopokea wimbo mpya. Yule mwalimu alipopona tulimpelekea mchango wa kwanza. Naye akatuambia, "Sasa nota hizi wapeni wote wanaozitaka."

Mungu azibariki familia zenu.