Utangulizi: Kupima Sentensi za Kiingereza Tukiwa Kayna

Kijana wa Kayna, huku Kivu Kaskazini, anapoanza Kiingereza sekondari, tayari ana lugha tatu: Kinande cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na Kifaransa cha darasani. Makosa mengi atakayoandika hayatokani na uzembe. Ni kanuni za lugha hizo zinazofanya kazi mahali pasipo pake, na anayezijua zote anaweza kuyaeleza.

Chukua "I live in Butembo since 2015". Kwa Kiswahili tunasema "ninaishi Butembo tangu 2015", na Kifaransa nacho hutumia wakati uliopo. Kiingereza hudai wakati unaounganisha siku zile na leo: "I have lived". Hilo ni kosa la sarufi. Lakini "I have 20 years", kwa maana ya umri, ni jambo jingine kabisa. Kitenzi kimepatana na kiima, wingi upo, mpangilio hauna dosari. Aliyepewa miaka 20 ya kulipa deni angeweza kuisema. Inayoikataa ni desturi: Waingereza hawataji umri hivyo. Mwalimu akizipigia mstari mwekundu zote mbili bila kueleza, mwanafunzi hajui lipi akalitafute kwenye sarufi na lipi alipate kwa kusikiliza.

Hakimu basi ni nani? Kifaransa kina Académie française tangu 1635, na Tanzania iliunda BAKITA mwaka 1967 kwa ajili ya Kiswahili. Kiingereza hakina chombo cha namna hiyo. Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu, alitoa mwaka 1762 kitabu cha sarufi chenye kuamuru kipi ni sahihi, kikatumika shuleni kwa miaka mingi. Mwanaisimu Randolph Quirk alishika njia nyingine: kuanzia 1959 alikusanya Kiingereza kama kinavyosemwa na kuandikwa. Mimi niko upande wa Quirk. Na ushahidi huo usiishie London. Mfanyabiashara wa Beni anayevuka Kasindi kuingia Uganda hukuta Kiingereza chenye desturi zake, na sioni haki ya kukiita kibovu.

Linalonivutia zaidi liko karibu nasi. Kwa Kinande nomino kwa kawaida huanza na irabu: "omundu", yaani mtu. Katika ukanushi irabu hiyo yaweza kudondoka, ikabaki "mundu", kwa maana ya mtu yeyote. Katika sentensi ya kawaida ya kukubali, "mundu" peke yake hukataliwa na sikio la Mnande. Sasa tazama Kiingereza: "I did not see anybody" ni sahihi, "I saw anybody" hukataliwa. Wanaisimu wameandika juu ya lugha hizi mbili kwa pamoja kwa sababu ya mfanano huo. Mwanafunzi wa Kayna anayesumbuliwa na "any" aanze kwa kutunga sentensi kumi za Kinande, tano zenye "omundu" na tano zenye "mundu", aone zipi bibi yake atazikubali.