Spiriti Mbili Zifananazo: Moja Hulevya, Nyingine Hupofusha

Katika mwezi wa Mei, 2014, msiba mkubwa uliingia nyumba nyingi za Embu, na za Kiambu, Kitui na Makueni pia. Watu walikunywa pombe kama walivyozoea. Baadaye wengine walikuwa vipofu, na wengine walikufa. Waliokufa walizidi 60. Pombe ile ilikuwa imetiwa methanoli. Mkaaji wa Runyenjes aweza kuuliza: imekuwaje kinywaji kimoja kimlevye mtu tu, na kingine kilichofanana nacho kimwue?

Kwanza yafaa tujue ya kuwa maji, sukari, hata damu yetu, vyote vimejengwa kwa vipande vidogo mno viitwavyo molekuli, na molekuli zimejengwa kwa atomu. Spiriti ilevyayo, iliyomo katika bia na muratina, huitwa ethanoli. Molekuli yake moja ina atomu 2 za kaboni, 6 za hidrojeni na 1 ya oksijeni. Methanoli, itumikayo viwandani, ina kaboni 1, hidrojeni 4 na oksijeni 1. Tofauti ni atomu tatu tu! Zote mbili hazina rangi, harufu zao zakaribiana, na zote huwaka moto. Kwa hiyo jicho, pua, wala kiberiti haviwezi kumwonyesha mnywaji ipi ni ipi.

Tofauti hudhihirika ndani ya mwili. Humo mna molekuli za namna nyingine, kubwa sana, zenye maelfu ya atomu kila moja. Hizo ni protini, na baadhi yao huitwa vimeng'enya. Kimeng'enya kimoja cha ini kazi yake ni kuibadilisha spiriti. Mfano wake ni kinu cha kusagia: ukitia mahindi, utapata unga wa ugali, ukitia mbegu zenye sumu, kitazisaga vilevile, nawe utapata unga wa sumu. Kinu hakiulizi.

Ethanoli ikipita hapo hugeuzwa hatua kwa hatua, hata ikawa asidi ileile iliyomo katika siki, na mwili huweza kuitumia kama chakula. Hata hivyo ethanoli nayo, ikizidi, huharibu ini. Lakini methanoli hugeuka kwanza kuwa formaldehaidi, kitu kilichomo katika dawa ya kuhifadhia maiti. Kisha huwa asidi ya fomiki, ambayo hapo zamani wataalamu waliipata kwa sisimizi. Mwili wa binadamu huiondoa asidi hii polepole sana. Nayo huzuia seli zisiweze kuitumia oksijeni, na mishipa ya macho ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema.

Kazi hiyo ya kusaga huchukua muda. Ndiyo sababu mtu aliyekunywa methanoli aweza kulala akijiona mzima, na dalili zikaanza baada ya saa 12 hata 24: kichwa kuuma, tumbo kusokota, kutapika, kuhema kwa nguvu, na macho kuona ukungu mweupe.

Mtu wa namna hiyo asiachwe alale “mpaka pombe imtoke”. Apelekwe hospitali mara moja, na waliokunywa pamoja naye waende pia, hata kama hawajahisi kitu. Madaktari wanazo dawa za kukizuia kinu kile kisiisage methanoli, na mashine za kuisafisha damu. Kila saa inayopotea, asidi yazidi kuongezeka.

Basi, wasomaji, pombe usiyojua ilikotoka usiinywe, wala usimpe mgeni wako. Atomu tatu ni kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, lakini zaweza kuyazima macho yenyewe.